Mai Mahiu bila ajali: Nani atatuandikia kipindi cha vichekesho?

Hebu jiulize kitu kabla hujasonga mbele. Mara ya mwisho kuiona Mai Mahiu kwa runinga, ilikuwa habari gani?

Wacha nikukisie. Lori limekosa breki kwenye mteremko. Barabara imefungwa na magari yamelala foleni. Mafuriko. Au ile makala ya usiku ambayo mtangazaji anashusha sauti kama yuko matangani, sura za watu zinafichwa, halafu tunaelezwa jinsi wasichana wanavyosubiri madereva wa trela. Basi. Hayo ndiyo maisha yetu kwa skrini. Hakuna mtu wa Mai Mahiu aliyewahi kuonyeshwa akidaiwa chai, akigombana na landilodi, au akimpenda msichana ambaye babake hataki kumwona.

Mimi ni wa hapa. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, nikarudi nyumbani, na tangu hapo nimetazama runinga kuliko mzazi yeyote angependa. Mchana niko kwa kibanda cha M-Pesa. Jioni navuka barabara naingia hotelini, meza ya karibu na soketi. Wenzangu wa chuo wakiniuliza siku hizi niko wapi, huwaambia niko katika sekta ya fedha. Kwa hivyo usitarajie maneno ya mtaalamu hapa. Haya ni mawazo ya mtazamaji. Lakini hoja ninayo: huu mji ndio mahali pazuri zaidi Kenya hii pa kuweka kipindi cha vichekesho, na mimi sijawahi kukiona.

Kinachouma ni kwamba runinga yenyewe ilipitia kwetu. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970, na kiko hapa jirani. Yale masahani makubwa ndiyo yaliyoiunganisha Kenya na dunia kwa simu na picha za moja kwa moja, wakati ambapo pengine mtaa wenu wote haukuwa na antena hata moja. Picha za watu wengine zilishukia hapa bondeni kwanza, ndipo zikapanda Nairobi. Zetu hazikupanda.

Sasa njoo hotelini nikuonyeshe ninachomaanisha.

Kama hujawahi kusimama Mai Mahiu, jua kwamba barabara inagawanyika hapa. Ukishika kushoto unaenda Narok na Mara. Ukinyoosha unaenda Naivasha, Nakuru, Malaba, na ukiwa na pasipoti na subira, Kampala na Kigali. Kwa hivyo saa mbili usiku katika hoteli ya kawaida, ile ya ugali matumbo na chapo dondo, utapata dereva wa Mombasa, utingo wake kutoka Busia, Mganda anayesubiri karatasi za mzigo, mzee Mmaasai aliyeshuka kutoka Suswa, dereva wa watalii aliyewaacha wageni wake kwenye hoteli ya bei, watu wa boda, na sisi wenyeji. Wote wameelekeza macho kwenye runinga moja iliyofungiwa kwa kizimba cha chuma kule juu, kama mfungwa. Rimoti iko kwa mfuko wa aproni ya Mathe mwenye hoteli. Usijaribu kuiomba.

Hapo ndipo nimejifunza kupima vichekesho. Sisomi maoni mtandaoni na sihesabu waliotazama YouTube. Naangalia tu meza gani zimecheka.

Chukua zile stori za makabila. Unazijua: Mkikuyu na pesa, Mluhya na kuku, Mjaluo na majigambo, Mkamba na uchawi. Mchekeshaji anapanda jukwaani, anabadilisha lafudhi, watu wanapiga meza. Hotelini kwetu meza mbili zinacheka, moja inatabasamu kwa heshima, na yule Mganda anaendelea kula matumbo yake. Si kwamba ni vibaya kutaniana. Sisi hutaniana kutwa. Shida ni kwamba ukishaijua lafudhi, umeujua mzaha wote. Churchill alipoanza kutuletea wachekeshaji wapya kila wiki kwa NTV, tulicheka sana, na kile kipindi kiliwapa watu kazi, hilo nampa. Lakini nikikumbuka leo wale walionibakia kichwani, ni wale waliosimulia mambo yaliyowafika wao, na kabila liliingia tu kama chumvi.

Halafu chukua Papa Shirandula. Hata leo mtu akiweka kipande cha zamani, hoteli nzima inageuka.

Kama wewe ni mdogo kuniliko: kilianza Citizen 2007, na Papa aliigizwa na Charles Bukeko. Papa ni soja. Lakini nyumbani kwa Wilbroda anajulikana kama mtu wa ofisi. Anatoka asubuhi na suti, akifika kazini anavua, anavaa sare, anashika geti na Njoro. Jioni suti inarudi mwilini. Hiyo ndiyo injini ya kipindi kizima. Mambo mengine yote, Awinja na mdomo wake, Otoyo na ujanja wake, yanazunguka uongo huo mmoja mdogo wa mtu anayeona aibu kwa kazi inayomlisha.

Sasa mwangalie dereva wa trela akitazama hayo. Dakika tano zilizopita amepokea simu, akamwambia mtu kwa sauti ya upole kwamba ameshapita Eldoret. Lori lake liko nje, nimeliona, limeegeshwa na magurudumu yamewekewa mawe. Utingo amesikia. Mathe amesikia. Mimi nimesikia. Papa anapojificha nyuma ya ukuta kubadilisha shati, huyo dereva anacheka hadi anashika kifua, na utingo anacheka zaidi yake. Mganda anacheka pia, kwa sababu kudanganya unakofanya kazi hakuhitaji mkalimani. Nami wa sekta ya fedha, unafikiri nilikuwa nimenuna?

Bukeko alifariki Julai 18, 2020, wakati wa korona. Siku hizo kulikuwa na kafyu, hoteli zinafungwa mapema, na madereva wa masafa marefu walikuwa wakipimwa mipakani na kuogopwa kila mahali kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Nakumbuka habari hiyo ikisomwa na hakuna aliyeomba rimoti. Ilikuwa kama tumefiwa na mtu wa ploti yetu.

Ukirudi nyuma zaidi utaona wazee wetu wa KBC waliielewa siri hii zamani. Vioja Mahakamani ni chumba kimoja tu: jaji, kiongozi wa mashtaka, kizimba. Hakuna gari linalopinduka, hakuna jumba la kifahari. Lakini kwa kuwa ni mahakama, mtu yeyote nchini anaweza kuingizwa pale na kesi yoyote, iwe ni mwizi wa kuku au mwenye deni la mahari, na Makokha na wenzake wakapata chakula cha miaka na mikaka. Vitimbi nayo ilikuwa Mzee Ojwang' na Mama Kayai na maneno yao ya nyumbani. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alituacha Julai 2015, na mamangu bado anamwiga akikasirika. Miaka ya karibuni kuna Njoro wa Uba pale Maisha Magic, jamaa wa teksi, na kila abiria anaingia na stori yake. Mahakama, teksi. Umeona mchezo? Tafuta mahali ambapo mlango haumkatai mtu, weka mtu mmoja asiyeweza kuondoka, halafu subiri.

Sasa niambie mahali ambapo mlango haumkatai mtu kuliko hoteli ya Mai Mahiu.

Najua utanijibu kwamba kuna vipindi vya watu wa kawaida tayari. Ni kweli, na navipenda. Auntie Boss! iliwapa mayaya nafasi ya mbele, na Nyce Wanjeri, Shiru wetu, akashinda tuzo ya AMVCA kule Nigeria 2018 kwa kuigiza kama yaya. The Real Househelps of Kawangware iliweka mtaa kwenye jina lenyewe, ikatupa Njugush na DJ Shiti. Maria ilipokuwa Citizen kuanzia 2019, msichana wa mtaa duni na kijana wa tajiri, kuna madereva waliopanga safari zao ili wafike hapa kabla haijaanza, na Mathe hakuuza chai ikiwa hewani. Ungeweza kukaa na shilingi mia mkononi na hakuna mtu anakutazama.

Lakini angalia ramani ya hivyo vyote. Ni Nairobi, ndani ya Nairobi, ukingo wa Nairobi. Mtu wa nje ya Nairobi anaingia kama yaya au soja mpya aliyeshuka jana, na mzaha wa kwanza ni kwamba hajui kutumia lifti. Hata filamu yetu tunayojivunia sana, Nairobi Half Life ya 2012, inaanza na Mwas kijijini akiuza filamu za mapigano na kuwaigizia wateja wake. Kijana ana kipaji kikubwa hapo hapo barabarani, ana watazamaji, wanacheka. Kisha lazima apande basi. Sisemi filamu ni mbaya, nimeitazama mara nne. Nasema kuna filamu nyingine ndani yake, ya Mwas akibaki kule, ambayo hakuna aliyeitengeneza. Country Queen nayo ilipofika Netflix 2022 ilitutoa jijini, lakini ilitupeleka kijiji cha kubuni chenye vita vya dhahabu. Mji kama wetu, ambao si ushago na si Nairobi, wenye taa za barabarani na punda kwenye barabara hiyo hiyo, unarukwa tu.

Na usiniambie Wakenya hawawezi kucheka kitu wasichokijua. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha video, mabati na mabenchi, tukimsikiliza DJ Afro. Kama hujawahi, siwezi kukueleza vizuri. Filamu ni ya Kihindi au ya kung fu, hakuna anayeelewa lugha, lakini sauti ya DJ Afro inapita juu yake kwa Kiswahili na Sheng, inawapa watu majina mapya, inawasimanga maadui, inakuonya kabla ya teke kufika. Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyo hiyo, Uganda wana mavijei wao. Filamu ya Supa Modo ya 2018 inamwonyesha mtu wa aina hiyo akiendesha sinema ya kijiji. Fikiria hilo kidogo: kwa sauti ya mtu mmoja, Hong Kong iligeuka ikawa stejini Githurai, na sisi watoto tulikubali bila swali. Watu wanaoweza kufanya hivyo wanashindwaje na Mai Mahiu?

Labda tatizo ni simu. Siku hizi nusu ya hoteli imevaa spika za masikio. Njugush na mkewe, Crazy Kennar na kundi lake, na wale vijana wote wa TikTok wanaoigiza mama, mtoto na mwalimu kwa kubadilisha leso tu. Ni wakali, tena wengine walianza na simu na ukuta mtupu, hakuna aliyewapa studio. Lakini nimeona kitu kigeni hapa kwetu. Zamani kicheko kilikuja kwa pamoja, kama mvua kwenye mabati. Sasa huyu anacheka peke yake kona ile, dakika mbili baadaye mwingine anacheka mlangoni, na wengine wanageuka kuwatazama kana kwamba wana malaria. Tena video ya dakika mbili haimzeeshi mtu. Papa tulikaa naye miaka kumi na tatu. Tulijua atadanganya nini kabla hajafungua mdomo, na ndio maana alituchekesha kabla hajaufungua.

Pesa nayo ipo, siwezi kuiruka. Kutengeneza kipindi cha wiki kwa wiki ni gharama, na wanaoonekana pale hawatajiriki. Sote tuliona 2021 Omosh wa Tahidi High akiomba msaada hadharani baada ya kipindi kuisha, mtu ambaye tulimtazama kwa miaka tukidhani ana ghorofa. Kwa hivyo namwelewa mtayarishaji anayeogopa kutoka Nairobi na magari mawili ya vifaa. Lakini kaka, dada, ni mwendo wa saa moja na kitu, kama hakuna lori limelala. Na mandhari ni ya bure. Una Longonot mgongoni, una mteremko, una kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia 1942 walipokuwa wakichimba barabara, una stesheni ya SGR iliyofunguliwa 2019 ambayo peke yake ni kichekesho cha msimu mzima, na jina la mji lenyewe ni maji moto.

Kuna jambo lililofanya nianze kuandika haya, na si la kuchekesha.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024 maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe, yakapita Kamuchiri, yakabeba nyumba na watu wakiwa wamelala. Waliokufa walizidi 40. Kamera zilikuja, na zilifaa kuja, kwa sababu bila hizo pengine msaada ungechelewa. Siku kadhaa tulikuwa habari ya kwanza. Kisha kamera zikapakiwa zikaondoka, na kwa mtu anayekaa Kisumu au Mombasa, Mai Mahiu ikabaki imesimama hapo hapo, kwenye matope, watu wakilia milele.

Wiki chache baadaye tulikuwa hotelini. Kulikuwa na jamaa ambaye nyumba yake ilienda yote. Yeye na familia walipona, mali hakuna. Simu yake ikalia, akasoma ujumbe, akaanza kutikisika mabega. Tukadhani analia. Mathe akamsogelea na chai. Akainua simu ili watu waone. "Maji yamebeba runinga," akasema. "Yamebeba king'amuzi. Yamebeba hata msumari wa kuning'inizia. Na hawa wananiambia kifurushi changu kinaisha leo, nilipe nisikose burudani."

Sijawahi kusikia hoteli ile ikicheka vile. Yeye ndiye aliyeanza. Mathe aliweka birika chini, akafunika uso na aproni, na mpaka leo sijui upande gani wa kilio alikuwa. Dakika kumi baadaye mtu bado anarudia "nisikose burudani" na tunaanza upya. Hakukuwa na kamera. Tungekuwa na kipindi chetu, mtu angeliandika hilo, na yule mtazamaji wa Kisumu angejua kwamba sisi pia hunywa chai baada ya mazishi.

Hata ule ufa wa Machi 2018 barabara ya Narok. Vyombo vya dunia vilitangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Sisi tulikuwa tukitazama hayo hotelini, tukitoka nje tunaona wafanyakazi wakimwaga mawe kwenye ufa na matatu zikipiga honi zipite. Mzee mmoja aliuliza kwa uzito kabisa: bara likigawanyika, sisi tutabaki upande wa Nairobi au upande wa Narok, kwa sababu ana deni Narok. Hiyo si sehemu nzima ya kipindi kweli? Redykyulass wangeitumia wiki hiyo hiyo. Wale vijana watatu walimwiga Moi akiwa bado Ikulu, na mmoja wao, KJ, leo yuko Bungeni, kwa hivyo usiseme vichekesho havina maendeleo.

Kwa hivyo kama wewe ni mwandishi wa vipindi na unasoma hapa, nakupa sehemu ya kwanza bure. Dereva wa trela anaegesha Mai Mahiu kwa sababu lori limeharibika, anaagiza chai, anamwambia mkewe kwa simu ataondoka kesho asubuhi. Spea haiji. Sehemu ya tano bado yuko hapa. Sehemu ya kumi na mbili ana kikombe chake mwenyewe hotelini na mkewe anaamini yuko Kigali. Utingo anajua ukweli na amegundua kwamba ukweli una bei. Kuna mhubiri anayewaambia watalii kwamba kile kikanisa cha Waitaliano ni tawi lake. Kuna Mathe, na rimoti yake. Kuna mzee mwenye deni Narok, ambaye hukaa akitazama mlango. Na kuna kijana wa M-Pesa ng'ambo ya barabara anayejua nani anamtumia nani pesa, saa ngapi na kiasi gani, na ambaye kila mtu mjini anamsalimia kwa adabu ya kutia shaka.

Huyo wa mwisho usihangaike kutafuta mwigizaji. Sare tayari ninayo.